Kuhesabu mipigo au kupima kipindi? Njia za kupima masafa kwa maikrokontrola

Ukitaka kujua masafa ya signali, yaani inapiga mara ngapi kwa sekunde, kwa maikrokontrola (kompyuta ndogo ya chipu moja), una vitu viwili tu mkononi: mipigo ya signali yenyewe na tiki za saa ya chipu. Maktaba, bodi na mifano yote ya kodi utakayokutana nayo inatofautiana hasa katika jambo moja, nalo ni nani anamhesabu nani. Unaweza kufungua dirisha la muda, tuseme sekunde moja, ukahesabu imepita mipigo mingapi. Au unashika mpigo mmoja na ule unaoufuata, ukahesabu tiki ngapi za saa zimeingia katikati. Ya kwanza ni kuhesabu mipigo, ya pili ni kupima kipindi. Iko ya tatu inayochanganya hizo mbili, na kwa maoni yangu wengi wangeanza nayo lau wangeijua mapema.

Mfano wangu mkuu utakuwa ATmega328P, yaani chipu ya Arduino Uno R3 na Nano, kwa kuwa ndiyo iliyojaa kwenye droo za mafundi na wanafunzi, iwe imenunuliwa Kariakoo au Luthuli Avenue. Uno R4 ni habari nyingine: chipu yake inatoka Renesas, na kodi ya rejista (vyumba vidogo vya namba ndani ya chipu) nitakazozitaja hapa haiendi kule. Bodi nyingine, yaani ESP32, Blue Pill na Pico, nitazifikia baadaye.

Kosa la moja

Dirisha la kuhesabu linafunguka wakati wowote bila kujali mpigo uko wapi. Kwa hiyo mpigo mmoja unaweza kuingia au kubaki nje kwa bahati tu. Ukipima kwa sekunde moja, jibu linaweza kukosea kwa Hz 1 juu au chini, na hakuna ufundi wa kodi utakaoliondoa kosa hilo. Kwenye Hz 1,000,000, Hz 1 si kitu. Kwenye Hz 50, ni asilimia 2.

Kipindi nacho kina kosa lake la moja, ila ni la tiki ya saa. Saa ya MHz 16 inapiga tiki kila nanosekunde 62.5. Mzunguko mmoja wa Hz 50 unachukua tiki 320,000, na tiki moja kati ya hizo haionekani. Lakini mzunguko wa MHz 1 unachukua tiki 16 tu, na hapo tiki moja ni zaidi ya asilimia 6.

Haya ndiyo makosa yenyewe kwa saa ya MHz 16, safu ya kati ikiwa ni kuhesabu kwa dirisha la sekunde moja na ya mwisho kupima mzunguko mmoja:

| Masafa | Kuhesabu, sekunde 1 | Kipindi kimoja |
|---|---|---|
| Hz 1 | 100% | 0.000006% |
| Hz 50 | 2% | 0.0003% |
| kHz 4 | 0.025% | 0.025% |
| kHz 100 | 0.001% | 0.6% |
| MHz 1 | 0.0001% | 6% |

Mstari wa kHz 4 haukuja kwa bahati. Ni kipeuo cha pili cha 16,000,000, na ndipo njia hizi mbili zinapokutana kwa saa hiyo na dirisha hilo. Chini ya hapo pima kipindi, juu ya hapo hesabu mipigo. Ukirefusha dirisha hadi sekunde 10, mpaka unashuka karibu na Hz 1,265. Paul Stoffregen wa PJRC ameandika maktaba mbili kwa mgawanyo huo huo: FreqMeasure, anayoipendekeza kwa Hz 0.1 hadi kHz 1, na FreqCount kwa kHz 1 hadi MHz 8. Kwenye Uno, FreqMeasure inasoma pini 8 na FreqCount pini 5. Ukichomeka waya kwenye pini isiyo yake utasubiri hadi kesho, kwa sababu miguu hiyo imeunganishwa ndani ya silikoni na programu haiwezi kuihamisha.

Taa moja ya mita, maswali mawili

Mfano mzuri wa tofauti hii upo ukutani kwa watu wengi. Mita ya umeme ya kielektroniki, ya LUKU au ya tokeni, ina kitaa kinachomweka, na pembeni yake pameandikwa kitu kama 1000 imp/kWh. Maana yake kila mmweko ni wati-saa moja. Mita nyingine zimeandikwa 1600 au 3200, kwa hiyo soma yako kwanza.

Ukitaka kujua umetumia umeme kiasi gani tangu asubuhi, hesabu mimweko. Kosa la moja linabaki moja hata ukihesabu wiki nzima, halijilimbikizi. Hapo hakuna haja ya kupima kipindi.

Ukitaka kujua nyumba inavuta wati ngapi sasa hivi, kuhesabu kutakuangusha. Chukua friji ya wati 100. Itatoa mmweko mmoja kila sekunde 36. Ukiweka dirisha la dakika moja, mara utapata mmweko mmoja, mara miwili, na programu itakuandikia wati 60, kisha 120, kisha 120, kisha 60. Ukipima muda kati ya mmweko na mmweko, hesabu ni 3600 gawa kwa sekunde, na unapata 100 kila mara. Birika la wati 2,000 likiwashwa, mimweko inakuja kila sekunde 1.8 na jibu linabadilika papo hapo.

Njia ya kipindi ina udhaifu wake hapa hapa. Birika likizimwa na friji ikapumzika, mmweko unaofuata unaweza kuchelewa dakika kadhaa, na muda wote huo skrini itaendelea kusema wati 2,000. Dawa ni kuiacha programu ifikirie ukimya: kama sekunde 20 zimepita bila mmweko, basi matumizi hayawezi kuzidi wati 180, na namba hiyo iendelee kushushwa kadiri ukimya unavyorefuka. Mifano mingi ya kodi inaruka hatua hii.

Na hapa huhitaji taima ya maunzi, yaani kihesabio cha tiki kilichomo ndani ya chipu, hata kidogo. millis(), amri ya Arduino inayotoa muda kwa milisekunde, inatosha kabisa. Milisekunde moja ndani ya sekunde 36 ni kama hakuna. Pesa yako iende kwenye fototransista ya kusoma kitaa, maana LDR, ile rezista inayobadilika kwa mwanga, ni nzito kushtuka na mmweko wenyewe ni mfupi.

Sensa ya maji ya YF-S201 ni ndugu wa mita hii. Inatoa masafa ya Hz 7.5 kwa kila lita kwa dakika, yaani takriban mipigo 450 kwa lita. Kujaza ndoo kwa kipimo, hesabu mipigo. Kuonyesha kasi ya maji kwenye mkondo mdogo wa lita 2 kwa dakika, ambao ni Hz 15 tu, pima kipindi. Lakini usihangaike kutafuta desimali ya nne: wauzaji wenyewe wanaitaja kuwa na kosa la hadi asilimia 10, na bila kuilinganisha na ndoo uliyoipima mwenyewe, taima nzuri haitakusaidia.

Hz 50 ya jenereta

Umeme wa Afrika Mashariki ni Hz 50. Jenereta ya nguzo mbili inapaswa kuzunguka mara 3,000 kwa dakika ili kuutoa, na ya nguzo nne mara 1,500. Fundi anayerekebisha gavana, yaani kidhibiti cha mwendo wa injini, anataka kuona masafa yakishuka mzigo unapoongezwa, kutoka 52 hivi bila mzigo hadi 50, na anataka kuona sehemu ya mia ya hezi. Dirisha la sekunde moja litampa 51, 52, 51. Halimfai.

Hapa ndipo kipengele cha kunasa kinapolipa. Ukingo wa signali ukifika pini 8 ya Uno, chipu yenyewe inanakili namba iliyomo kwenye Taima 1 na kuiweka kwenye rejista ICR1 papo hapo. Programu inaweza kuchelewa kuja kuisoma kwa sababu ilikuwa inaandika kwenye skrini, lakini namba haibadiliki. Hilo ndilo jambo ambalo intarapti ya kawaida, yaani wito unaoikatiza programu ishughulikie tukio, haiwezi kukupa: pale muda unasomwa programu inapofika, si ukingo unapofika.

Taima 1 ni ya biti 16, ikifika 65,535 inarudi sifuri. Ukiiendesha kwa MHz 16 kamili, inafurika kila milisekunde 4.096, na mzunguko wa Hz 50 ni wa milisekunde 20. Basi inabidi uhesabu mifuriko, na hapo pana mtego. Ukingo ukiingia sawia na kufurika, intarapti mbili zinangoja kwa pamoja, na kwenye chipu hii ya kunasa inahudumiwa kabla ya ile ya kufurika. Programu inasoma ICR1 yenye namba ndogo, tuseme 12, wakati hesabu ya mifuriko bado haijaongezwa. Kipimo kimoja kinapungukiwa tiki 65,536 na kinachofuata kinazidishiwa hizo hizo. Kwenye skrini utaona 50.0, 50.0, ghafla 62.9, halafu 41.5, halafu 50.0 tena. Ukiona jozi hiyo, iache jenereta, rudi kwenye kodi: ndani ya intarapti ya kunasa, kagua biti ya TOV1, inayowaka taima ikifurika; ikiwa imewaka na ICR1 iko chini ya 32,768, jumlisha mfuriko mmoja kwenye hesabu hiyo.

Au ukwepe mtego wote kwa kugawanya saa kwa 8. Tiki inakuwa nusu mikrosekunde, mzunguko wa Hz 50 unakuwa tiki 40,000, unaenea ndani ya biti 16, na kutoa namba mpya kwa ya zamani kwa hesabu isiyo na alama ya hasi kunafanya kazi hata taima ikizunguka katikati. Unapoteza nini? Tiki moja sasa ni Hz 0.00125. Kwa gavana ya jenereta hiyo ni anasa tayari. Mpaka wa chini ni Hz 30.5, na jenereta ikifika huko una shida kubwa kuliko kipimo.

Kabla ya kuzifurahia desimali, tazama ukingo wenyewe. Ukichukua volti 9 za AC kutoka kwenye transfoma ndogo, wimbi linapita sifuri kwa kasi ya karibu volti 4 kwa milisekunde. Kelele ya milivolti 10 inausogeza ukingo kwa mikrosekunde 2.5, ambayo ni takriban Hz 0.006 kwa mzunguko mmoja. Yaani kelele ndogo tu imeshazidi mara tano ya tiki yako. Ndiyo maana pa kukata wimbi ni karibu na sifuri, linapopanda kwa kasi. Kule juu linalala, na kelele hiyo hiyo inausogeza ukingo mbali zaidi. Weka komparata yenye histeresisi (pengo kati ya kiwango cha kuwaka na cha kuzima), LM393 na rezista ya kurudisha, au 74HC14. Optokapla ya PC817, inayopitisha signali kwa mwanga, ni salama zaidi kwa umeme wa nyumba, na kuchelewa kwake hakukudhuru kwa sababu kila ukingo unachelewa sawa. Kinachoumiza ni kule kuchelewa kunapoyumba. Na tafadhali usichomeke umeme wa volti 230 kwenye bodi kupitia rezista peke yake. Kipimo kitasomeka vizuri mpaka siku utakapogusa USB.

Njia ya tatu: uwiano

Sasa ile niliyoisifu. Badala ya kupima mzunguko mmoja, subiri ukingo, anza kuhesabu vitu viwili kwa wakati mmoja, mizunguko ya signali na tiki za saa, kisha muda uliopanga ukiisha, usifunge dirisha hapo hapo; subiri ukingo unaofuata ndipo ufunge. Mizunguko imekuwa kamili, haina kosa la moja. Kosa limebaki kwenye tiki za saa tu. Masafa ni mizunguko mara 16,000,000 gawa kwa tiki.

Uzuri wake ni kwamba usahihi hautegemei masafa tena. Kwa dirisha la sekunde moja na saa ya MHz 16, kosa ni moja katika milioni 16, iwe unapima Hz 50 au kHz 50. Mpaka wa kHz 4 unafutika. Na ile kelele ya ukingo inagawanyika: mizunguko 50 ya jenereta ikipimwa kwa mkupuo, Hz 0.006 inakuwa kama 0.00012. Kaunta za mezani za maabara, zile zinazoandika tarakimu zile zile bila kujali masafa, zinafanya kazi kwa kanuni hii.

Kwenye Uno unaifikia kwa urahisi ukiacha kunasa kuendelee na kukusanya: jumlisha tiki za vipindi vyote ndani ya sekunde, jumlisha idadi ya vipindi, gawanya. Kizuizi ni kwamba kila ukingo unaita intarapti. Ukipanda hadi makumi ya kilohezi, chipu inakuwa haina kazi nyingine ila kuhudumia kingo, na baada ya hapo inaanza kuziacha.

Kigawanyi cha nje kinatatua hilo, na hapa pana kitu kizuri ambacho njia ya kuhesabu haina. Ukigawanya signali kwa 64 kisha ukahesabu mipigo kwa sekunde, kosa lako linakuwa Hz 64, kwa maana kila mpigo unaouona ni 64 za kweli. Ukiigawanya kwa 64 kisha ukapima kwa uwiano, hupotezi chochote: kosa bado ni tiki moja ya saa ndani ya sekunde. Chipu ya 74HC4040, ambayo inagawanya hadi kwa 4096, inageuza Uno ya kawaida kuwa kaunta ya heshima.

Masafa makubwa na kuhesabu tupu

Kuhesabu bado kuna nafasi yake, hasa kwa mtu wa redio anayetaka kuona osileta yake iko wapi bila kuongeza chipu. Pini 5 ya Uno inaingiza mipigo moja kwa moja kwenye Taima 1, na programu haiguswi mpaka taima ifurike. Datashiti ya Atmel inashauri signali isizidi saa gawa kwa 2.5, yaani MHz 6.4, kwa sababu pini inasomwa kwa mwendo wa saa ya chipu. Bendi ya mita 40 ya redio za hiari inaanzia MHz 7, inapita hapo kidogo, na hapo FreqCount inaweza kufanya kazi ikiwa mawimbi ni ya mraba safi wenye nusu juu na nusu chini. Mimi ningeweka kigawanyi nilale usingizi.

Angalia pia nani anafungua dirisha. Mifano mingi rahisi inatumia millis(), ambayo kwenye Uno inasogea kwa hatua ya milisekunde 1.024. Dirisha la sekunde moja linakuwa na kosa la karibu asilimia 0.1, yaani Hz 1,000 katika MHz 1, na lile kosa la moja uliloliogopa linakuwa la mwisho kwenye foleni. FreqCount inatumia taima ya pili kwa kazi hiyo. Hata hivyo, intarapti ya kufunga dirisha ikicheleweshwa mikrosekunde 4 na intarapti nyingine, kwenye MHz 5 umeongeza mipigo 20 ya uongo.

Pale programu inapoyashinda maunzi

pulseIn(), amri ya Arduino ya kupima urefu wa mpigo, ndiyo wengi tunaanza nayo. Inasubiri, inapima upande mmoja wa mpigo, na wakati huo bodi haifanyi kingine. Ili upate kipindi lazima uiite mara mbili, juu na chini, na vipande hivyo viwili vinatoka kwenye mizunguko tofauti. Kwa kujaribu sensa mezani, sawa. Kwa kifaa cha kukaa ukutani, hapana.

attachInterrupt(), inayofunga intarapti kwenye pini, pamoja na micros(), inayotoa muda kwa mikrosekunde, ni bora kuliko sifa yake. micros() ya Uno inaenda kwa hatua ya mikrosekunde 4, hivyo kwenye Hz 50 kosa ni kama asilimia 0.02, yaani Hz 0.01. Mita ya maji, taa ya LUKU, feni ya kompyuta, kasi ya mota ndogo yenye sumaku moja na sensa ya Hall: vyote hivyo inavimudu, kwenye pini 2 na 3 na bila kuiba Taima 1 ambayo huenda unaihitaji kwa PWM (mipigo ya upana unaobadilishwa) ya pini 9 na 10. Ukifika kHz 10, kipindi ni mikrosekunde 100 na kosa limeshafika asilimia 4. Achana nayo hapo.

Na kuna mahali maunzi yanakuharibia kabisa: swichi za mitambo. Kipima upepo cha vikombe na kipima mvua cha kupinduka kwa kawaida vina swichi ya sumaku inayotetemeka inapofunga, kwa muda unaoweza kufika milisekunde. Kihesabio cha maunzi kitahesabu kila mtetemo kwa uaminifu mkubwa, na upepo mwanana utasomeka kimbunga. Kichujio cha kelele cha ATmega328P kinataka pini itulie kwa tiki nne, ambazo ni robo ya mikrosekunde. Cha ESP32 kinafika mikrosekunde 12.8. Vyote ni vya kelele za umeme, si za chuma. Hapa rezista na kapasita mbele ya 74HC14, au mistari miwili ya programu inayopuuza ukingo unaokuja kabla ya milisekunde kadhaa, inafaa kuliko taima yoyote.

Bodi ipi

Kama una Nano tayari na masafa yako ni chini ya megahezi chache, usinunue kitu.

ESP32 ya asili ina vihesabio vinane vya mipigo, vinavyoitwa PCNT, ambavyo vinahesabu vyenyewe huku Wi-Fi ikiendelea. Ni vya biti 16 zenye alama, hivyo vinaishia 32,767; signali ya kHz 40 kwa dirisha la sekunde moja inavuka, na lazima uweke intarapti ya kikomo. Kwa kupima kipindi ina kunasa ndani ya kitengo cha MCPWM, kwa saa ya MHz 80, tiki ya nanosekunde 12.5. Usipime muda kwa intarapti za kawaida huku Wi-Fi imewaka, utaona namba zinacheza. Ukienda dukani soma jina hadi mwisho: ESP32-C3, ambayo ni rahisi na inavutia, haina PCNT wala MCPWM. S3 inavyo vyote.

Blue Pill, yenye STM32F103 ya MHz 72, kwangu ndiyo yenye taima nzuri zaidi kwa bei hiyo. Ina hali maalumu ya kupima PWM ambapo pini moja inalisha njia mbili za kunasa, moja ikakupa kipindi na nyingine upana wa mpigo, na taima inajirudisha sifuri yenyewe. Taima zake zinaweza kuunganishwa, moja ihesabu mipigo na nyingine tiki, na njia ya uwiano ikafanyika karibu yote ndani ya maunzi. Ubaya ni kwamba soko limejaa chipu za kuiga, na kujifunza rejista zake kunataka moyo.

Pico ya RP2040 inahesabu mipigo kwa kitengo chake cha PWM, lakini kwenye pini za namba witiri tu, zile za upande wa B. Nguvu yake iko kwenye PIO, vichakataji vidogo vinavyoweza kuandikiwa programu fupi ya kufuata pini kila tiki mbili; kwa MHz 125 hizo ni nanosekunde 16. Anayependa kujenga njia ya uwiano kwa mikono yake atafurahi. Kumbuka ESP32 na Pico ni za volti 3.3, na signali ya volti 5 ishushwe kwanza.

Saa yenyewe

Yote niliyoandika yanadhani saa ni MHz 16 kweli. Kwenye Uno R3 ile kristali inayong'aa karibu na USB ni ya chipu ya USB. ATmega328P inaendeshwa na rezoneta ndogo ya seramiki pembeni yake, na hiyo inaruhusiwa kukosea hadi asilimia 0.5. Hz 50 kamili inaweza kusomeka 49.75 au 50.25, ikiwa na desimali nne nyuma yake, zote zikiwa zimetulia na zote uongo. Kristali ya kawaida inakosea sehemu 20 hadi 50 katika milioni, yaani mara mia au zaidi bora. Kati ya Uno R3 yenye kodi ya kisasa na bodi rahisi yenye kristali halisi kwenye chipu kuu, chukua ya pili kwa kupima masafa.

Jaribio lisilo na gharama ni kuiacha bodi iende kama saa kwa siku nzima, kisha ulinganishe na simu. Kuchelewa sekunde moja kwa siku ni sehemu 11.6 katika milioni. Rezoneta iliyofika mwisho wa kosa lake itakuwa imepotea dakika saba na sekunde 12, na haina maana kuirekebisha kwa programu kwa sababu chini ya bati saa saba mchana itasema kingine na usiku kingine.

Kwa kristali, moduli ya GPS kama NEO-6M inafanya kazi nzuri. Mguu wake wa PPS unatoa mpigo mmoja kila sekunde, ukikosea makumi ya nanosekunde tu inapoona satelaiti. Si kila bodi ndogo ya NEO-6M imeutoa mguu huo kwenye pini, kwa hiyo angalia kabla ya kulipa. Uunganishe na pini 8, taima iende bila kugawanywa, hesabu mifuriko kwa ule uangalifu wa TOV1, kisha chukua wastani wa dakika chache. Tuseme umepata tiki 16,000,410 kwa sekunde. Hiyo ndiyo saa ya bodi hiyo. Iandike kwenye programu palipokuwa na 16,000,000, na bodi nyingine ipimwe upya kwa namba yake.